Swali la Arobaini na Saba: Historia Fupi ya Kupimwa Tabia Kabla ya Kupewa Kazi

Mapema mwaka huu alinijia ofisini mhitimu wetu mmoja, binti wa Mgeta, aliyemaliza shahada ya kwanza ya utawala wa umma miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo ameandika barua za maombi ya kazi hata ameacha kuzihesabu. Safari hii kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, ilimvusha hatua ya kwanza, na hatua ya pili haikuwa mtihani wa somo lolote alilofundishwa hapa Mzumbe. Ilikuwa hojaji ya maswali mia moja na ushei, yote kwa Kiingereza, ya kujazwa kwenye simu kabla ya saa sita usiku.

"Shikamoo, Dokta," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa amekwisha kuniwekea simu mezani. "Hili la arobaini na saba nalijibuje?"

Kauli yenyewe ilisema kwamba mjibuji hutimiza ahadi zake zote, siku zote. Chini yake palikuwa na majibu matano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Nilimjibu papo hapo, kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kusahihisha mitihani ya watu wengine: weka nakubali kabisa, ni mwajiri gani atakayetaka mtu asiyetimiza ahadi? Akaweka. Na kwa mtindo uleule tukapita pamoja maswali mengine kadhaa. Siku nne baadaye alipata barua pepe ya mistari miwili ikimshukuru kwa kuonyesha nia.

Swali moja haliangushi mtu. Hata hivyo nilirudi maktaba nikasoma juu ya vipimo hivi, ambavyo wataalamu wetu wa saikolojia huviita vipimo vya haiba, na nikagundua kwamba ushauri wangu ulikuwa mbaya. Swali la namna ile halikutungwa ili kupima uaminifu. Limetegwa humo ili kumnasa mtu anayejipamba. Nimeona ni vema niandike makala haya, kwanza kama deni, na pili kwa sababu kila nilipozidi kusoma nilijikuta narudi mahali hapahapa nilipokaa, chini ya milima ya Uluguru, kilometa zaidi ya ishirini kutoka Morogoro mjini kwenye barabara ya kwenda Iringa. Kupima tabia za watu kabla ya kuwapa madaraka ndiko kulikozaa chuo hiki.

Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua hapa shule ya serikali za mitaa. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa machifu, watumishi wa serikali za wenyeji na madiwani. Walifundishwa utunzaji wa hesabu, uendeshaji wa baraza, sheria na kanuni. Lakini mtu hakufika hapa kwa cheti peke yake. Alifika kwa kuonekana. Bwana Shauri alikuwa na maoni yake juu ya kila mtawala wa eneo lake, na maoni hayo yaliandikwa katika taarifa za siri ambazo mhusika mwenyewe hakuzisoma. Ndani ya taarifa za namna hiyo neno lililotafutwa kuliko yote lilikuwa uaminifu, na maana yake haikuwa ile tunayoijua nyumbani. Mwaminifu alikuwa mtu aliye mwaminifu kwa Serikali. Mwaka huohuo wa 1953, chini ya Gavana Edward Twining, ulitolewa waraka uliowakataza watumishi wa Serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na hapo Chama cha Waafrika cha Tanganyika kikapoteza wengi wa wasomi wake. Miaka miwili baadaye Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, alitakiwa achague kati ya chaki na siasa. Tunajua alivyochagua. Kwa kipimo cha siku zile alikuwa amefeli.

Ili tuone kipimo hicho kilivyofanya kazi, tusiende mbali. Tupande milima hii tuliyo chini yake. Kuanzia 1950 Serikali iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na sehemu yake iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa kuchimba ngazi katika miteremko. Kila kaya ilitakiwa kutoa nguvu zake. Wenyeji walikuwa na hoja zao: udongo wa juu ni mwembamba, ukichimba ngazi unaufukia ule wenye rutuba na kuutoa nje ule usiozaa kitu, na ardhi ni ya ukoo, si ya mtu wala ya Serikali, hivyo anayeigeuza sura huamsha maswali mazito. Sultani Sabu bin Sabu, mtawala aliyetambuliwa na Serikali, aliunga mkono mpango huo. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuupinga, kukatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Baada ya hapo mpango wa ngazi ukaachwa.

Simleti Sultani Sabu hapa ili nimhukumu. Namleta ili niulize: kama angepewa hojaji ya siku hizi, angejibuje? Je, hufuata maelekezo ya wakubwa wako? Nakubali kabisa. Je, humaliza kazi uliyopewa hata inapokuwa ngumu? Nakubali kabisa. Angepata alama za juu katika kila safu ambayo mwajiri wake alijali. Lakini hapakuwa na safu ya kuuliza kama anajua kusikiliza watu wanaposema udongo utaharibika. Kipimo cha tabia hupima kile ambacho mwenye kipimo anakitaka, na mwenye kipimo mara nyingi hajui anachokihitaji. Mwanzoni mwa 1963 nafasi za machifu zilifutwa kisheria katika Tanganyika huru. Ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu shule ya kuwafunza ifunguliwe.

Baada ya Uhuru mpimaji alibadilika, akawa Chama. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakakutana na Rais mwenyewe, na zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao. Watu hukumbuka adhabu hiyo. Wachache hukumbuka kwamba katika mkasa huohuo Mwalimu alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamegusa jambo la kweli kuhusu mishahara ya wakubwa. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yanastahili kusomwa tena na kila mtu anayetengeneza vipimo vya haiba. Hayakumwuliza kiongozi kama yeye ni mtu wa tamaa. Nani angejibu ndiyo? Yaliuliza ana mishahara mingapi, ana hisa katika kampuni, ana nyumba za kupangisha, ni mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Yaliacha moyo wa mtu mahali pake yakatazama mali yake. Waliotaka kuyakwepa waliandikisha nyumba kwa majina ya watoto na shemeji, ni kweli, na mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yakalegezwa. Lakini kama mbinu ya kupima tabia bado naiona ni ya watu wenye akili kuliko mengi yaliyokuja baadaye.

Hatua iliyofuata ilikwenda mbali zaidi, na iliwagusa vijana moja kwa moja. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba kufaulu mtihani wa kidato cha sita hakutatosha tena kumwingiza mtu chuo kikuu. Kijana apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha alete mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Wazee wangu wa ofisini waliopitia utaratibu huo huusimulia kwa hisia mbili. Wapo wanaosema ulikuwa wa haki: waliokupima walikuwa wamekuona ukiwahi kazini, ukibeba tofali, ukigombana na kupatana. Wapo wanaosema ulikuwa mzigo, kwa sababu hatima ya mtu ilikaa mikononi mwa katibu wa tawi ambaye pengine mligombania uwanja au mchumba. Na watu walijifunza haraka kuigiza. Kijana alijua mkutano gani ahudhurie, akae safu ipi, na aitikie kaulimbiu kwa sauti gani. Sharti la miaka miwili halikudumu kwa wasichana, kwani idadi yao vyuoni ilishuka, wakaondolewa mapema. Lakini wazo lenyewe lilibaki, na liliingia hata madarasani. Wanafunzi wangu huleta vyeti vyao vya kumaliza shule vyenye orodha ya tabia na mwenendo: bidii, ushirikiano, utii, usafi, uaminifu, uongozi, kila moja na herufi yake. Nimepata kuona cheti ambacho mwanafunzi alipewa A ya usafi na D ya utii, nikatamani sana kumfahamu.

(Shule yetu nayo ilibadilika pamoja na nchi. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi wa umri wangu bado hukiita IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Kizazi kizima cha maofisa utumishi wa nchi hii, yaani watu wanaowapima wenzao, kimepita hapa.)

Ndani ya utumishi wa umma kwenyewe zile taarifa za siri za kikoloni ziliendelea kuishi kwa miongo mingi. Mkubwa aliandika, mdogo hakusoma. Zilikuja kuondolewa mwaka 2004 ulipoanzishwa mfumo wa wazi wa mapitio na upimaji wa utendaji kazi, ule tulioujua kwa jina la OPRAS, ambao nao siku hizi umeachia nafasi mfumo wa kielektroniki. Kuhusu OPRAS nimekwisha kuandika, na yeyote aliyewahi kujaza fomu zile mwezi Juni kwa malengo aliyoyatunga mwezi huohuo wa Juni hahitaji nimwongezee.

Kilicholeta mashine ni wingi wa watu. Zamani wahitimu walipangiwa kazi. Walikuwa wachache na Serikali iliwasubiri. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2007, ilizaa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoanza kazi 2010, ili ajira zishindaniwe kwa uwazi. Juni 2014 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ulijaa vijana zaidi ya elfu kumi waliokuja kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za siku ile ziko katika kumbukumbu ya kila mhitimu: watu wameketi kwenye viti vya mashabiki, karatasi juu ya magoti. Katika umati wa namna hiyo hakuna katibu wa tawi anayemfahamu mtu, na hakuna msaili atakayezungumza na elfu kumi. Ni lazima kuwe na chujio. Serikalini chujio limebaki kuwa hasa mtihani wa maarifa na uelewa, na siku hizi hata walimu, waliozoea kupangiwa vituo moja kwa moja, wanafanya usaili. Lakini katika mabenki, kampuni za simu, migodi na mashirika ya kimataifa, chujio lililopendwa ni hojaji ya haiba, kwa kuwa ni rahisi, haichoki, na haiombi rushwa.

Hojaji hiyo ina ukoo wake, na ukoo huo haukuanzia kazini. Ulianzia vitani na hospitalini. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Woodworth alipewa kazi ya kutafuta njia ya kuwatambua askari watakaovunjika akili kwa mizinga. Alitunga maswali zaidi ya mia moja ya ndiyo au hapana. Vita viliisha kabla chombo chake hakijatumika kwa upana, lakini wazo lilikuwa limezaliwa: badala ya kumtazama mtu kwa miaka, muulize mwenyewe kwa nusu saa. Mwaka 1943 Starke Hathaway na J. C. McKinley wa Minnesota walichapisha hojaji kubwa zaidi, iliyokusudiwa kwa wagonjwa wa akili. Hao waliona udhaifu mkubwa wa kumuuliza mtu habari zake, nao ni kwamba atadanganya. Kwa hiyo walitia humo maswali kadhaa kuhusu udhaifu mdogomdogo ambao karibu kila binadamu anao. Anayeukana udhaifu wote huo huonekana anajisafisha, na majibu yake mengine hutiliwa shaka. Hicho ndicho kipimo cha uongo, na swali la arobaini na saba ni mjukuu wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili makampuni ya Marekani yalizichukua hojaji hizi kwa pupa. Mwaka 1956 mwandishi William Whyte, mhariri wa jarida la Fortune, alitoa kitabu kilichosomwa sana juu ya maisha ya wafanyakazi wa makampuni hayo, na nyuma yake akaweka kiambatisho kinachofundisha jinsi ya kuzidanganya. Ushauri wake kwa kifupi ni kwamba ujifanye mtu wa kawaida kabisa: usipende vitabu mno, usiwe na mashaka mno, ipende familia yako lakini isiizidi kazi. Aliandika kwa hasira, kwa sababu aliamini kampuni haina haki ya kuingia rohoni mwa mtu, na anayeingia bila haki anaweza kudanganywa bila dhambi. Ninaielewa hasira yake. Lakini yeye aliwaandikia watu ambao kazi zilikuwa zinawatafuta. Mtoto wa mkulima wa mboga wa Mgeta hana nafasi ya kufanya mzaha na chujio; anahitaji kulipita.

Basi nimlipe deni lake, na la wengine wanaoniandikia kuuliza jambo hilohilo.

La kwanza ni kuacha kujifanya malaika. Ukikutana na kauli yenye maneno kama "siku zote", "kamwe" au "wote", simama. Hapo mara nyingi ndipo penye mtego. Kusema hujawahi kukasirika, hujawahi kuchelewa, hujawahi kumsema mtu, hakukufanyi mwema, kunakufanya usiaminike. Jibu la "nakubali" lisilo na "kabisa" si aibu. Lakini usikimbilie katikati kila mara pia. Mtu aliyeweka "sina hakika" katika nusu ya maswali hajasema kitu, na mashine humsoma hivyo.

La pili, jibu kama wewe wa kazini, au wa chuoni kama hujawahi kuajiriwa. Wengi wetu tuna haiba mbili. Yule mkimya wa mezani kwa baba ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha utafiti. Hojaji inaulizia huyu wa pili. Kabla ya kuanza, soma tena tangazo la kazi na ujiulize ile kazi kwa siku inafanywaje. Keshia wa benki na ofisa masoko hawahitaji uchangamfu wa kiwango kimoja. Sikwambii ujigeuze. Nakwambia utoe mbele upande wako unaohusika, kama vile usivyokwenda kwenye usaili na nguo za shambani, ingawa ni zako.

Tena maswali hurudiwa. Kauli ya tano na ya sitini huuliza jambo moja kwa maneno tofauti, mara nyingine kwa kukanusha, na mtu anayebuni majibu husahau alichobuni. Ndiyo maana kusema kweli, mbali na kuwa ni wema, ni njia isiyochosha. Na kukanusha huko kwa Kiingereza ndiko kunakowaangusha wengi wetu: kauli inasema mtu huwa si mwepesi wa kukata tamaa, anaulizwa akubali au akatae, na haraka inamfanya akatae akidhani anasifu. Soma polepole. Igeuze kauli kwa Kiswahili kichwani, kisha jibu.

Zipo pia hojaji zinazokupa sifa mbili nzuri na kukulazimisha uchague moja inayokufaa zaidi: mtu wa utaratibu, au mtu wa watu? Hizo zilitengenezwa makusudi ili kujipamba kusiwezekane. Hakuna jibu sahihi humo, na anayekuuzia majibu yake mtandaoni anakuibia.

Na ujue uzito wa kitu chenyewe. Kati ya zile tabia tano kuu ambazo wanasaikolojia wa nchi za Magharibi wamekubaliana nazo, yaani utayari wa kupokea mapya, umakini wa kazi, uchangamfu, upole na utulivu wa hisia, ni ule umakini wa kazi ndio unaoonekana katika tafiti nyingi kuhusiana na utendaji, na hata huo uhusiano si mkubwa. Hojaji ile nyingine maarufu, inayompa kila mtu herufi nne, wachapishaji wake wenyewe husema isitumike kuchagua wa kuajiriwa. Kwa hiyo ukikataliwa na mashine usirudi nyumbani ukaamini umeambiwa wewe ni nani.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na wenzangu maofisa utumishi, wengine mkiwa wanafunzi wangu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa majibu ya hojaji za tabia tano kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Waligundua kwamba maswali yaliyotungwa Magharibi mara nyingi hayapimi huko kile yanachodaiwa kupima, na sababu mojawapo ni watu kuwa wepesi wa kukubali kauli wanayosomewa. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu anaijua sababu hiyo. Tumefundishwa kuitikia. Mkubwa akisema jambo, kijana husema ndiyo kwanza, maswali baadaye, na kauli iliyoandikwa kwenye barua rasmi ya kampuni ni sauti ya mkubwa. Ukimpima kijana huyo kwa kauli mia za kukubali au kukataa, sehemu ya unachokipata ni malezi.

Afrika Kusini walilitambua hilo. Watafiti wa huko walikwenda kuwauliza watu katika lugha zote 11 rasmi wamweleze mtu wanayemfahamu, na kutokana na maelezo hayo wakaanza kujenga hojaji yao wenyewe. Yaliyojitokeza kwa wingi ni mambo ya mtu na wenzake: kusaidia, kupatanisha, kujali, kuheshimu. Huo ndio utu tunaouimba. Na sheria yao ya usawa kazini ya 1998 inakataza vipimo vya kisaikolojia isipokuwa vile vilivyothibitishwa kisayansi, vinavyoweza kutumiwa kwa haki kwa wote na visivyobagua. Sisi hatuna kifungu kama hicho. Tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayokataza ubaguzi na inayomlinda hata mwombaji wa kazi. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, inayogusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Sijasikia mhitimu aliyezitumia sheria hizi kuuliza alama zake. Ningependa awepo. Kampuni inayokusanya majibu mia moja juu ya moyo wa mtu, kisha ikamjibu mistari miwili, ina tofauti gani na Bwana Shauri na taarifa yake ya siri? Angalau Bwana Shauri alikuwa ameonana na mtu wake.

Sitaki turudi kwa katibu wa tawi. Lakini Azimio la Arusha lilijua kwamba ukitaka kujua tabia ya mtu, uliza jambo linaloonekana. Tuna wahitimu waliotunza fedha za vikundi vya kukopeshana bila shilingi kupotea, waliofundisha bure sekondari za kata, waliouguza wazazi huku wakisoma. Hojaji haiulizi hayo. Msaili mwenye dakika ishirini na swali zuri angeyajua.

Yule binti alirudi mwezi uliopita. Ameitwa na mwajiri mwingine, na hojaji ni nyingine, ila kulikuwa na kauli ya ahadi, ndugu yake yule wa arobaini na saba. Safari hii hakuniuliza ajibuje. Aliniambia alivyojibu: "nakubali", bila "kabisa".

"Nilimwahidi bibi kule Mgeta miwani kabla ya Pasaka, Dokta. Mpaka leo sijampelekea."

Nilimuuliza kama anadhani watamwita. Akasema wamempa tarehe ya usaili wa ana kwa ana, Jumanne, saa tatu asubuhi, na alikuwa amekuja kuniuliza nauli ya kwenda Dar es Salaam.